UZI: Watu maarufu wenye ulemavu waliofanikiwa, na mlango waliofunguliwa

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimesoma orodha nyingi za watu maarufu wenye ulemavu, na karibu zote zina mwendo uleule: fulani haoni, fulani hatembei, hakukata tamaa, akafika mbali, basi na wewe mzima acha visingizio. Anayestahili sifa apewe sifa zake. Kinachoniuma ni kwamba orodha hizo zinaruka sehemu yenye maana kuliko zote: ilikuwaje mpaka ikawezekana? Ukifuatilia maisha ya hao watu mmoja mmoja, humkosi mzazi, mwalimu, kifaa au sheria. Na mara nyingi unakuta mlango uliofungwa na watu, wala mwili wa mhusika hauhusiki kabisa.

Mimi naandika na kusoma kwa programu ya kusoma skrini, yaani inayotamka kwa sauti maandishi yaliyopo kwenye kioo, kwa hiyo jambo hili naliishi. Nitaleta wachache ninaowafahamu vizuri, nanyi mwongeze wenu.

Naanza na Louis Braille, aliyebuni nukta nundu, maandishi ambayo wasioona huyasoma kwa kidole. Alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, kazi ya ngozi na vyuma vyenye ncha. Mtoto akiwa na miaka mitatu alichukua chuma cha kutobolea ngozi, akawa anamwigiza babake. Kikateleza, kikamwingia jichoni. Jicho likaingia usaha, maambukizi yakahamia la pili, na alipofika miaka mitano alikuwa haoni kabisa.

Wasimulizi wengi wakifika hapo wanarukia nukta. Ngojeni kwanza. Kijijini kwao alikubaliwa kusoma darasa moja na watoto wanaoona, jambo ambalo zama hizo halikuwa la kawaida hata kidogo. Mwaka 1819 akapata nafasi katika shule ya vijana wasioona jijini Paris. Vitabu vya pale vilikuwa na herufi za kawaida zilizokandamizwa kwenye karatasi nzito mpaka zikatokeza upande wa pili. Hebu fikiria kidole kinavyozunguka kwenye umbo la kila herufi, moja baada ya nyingine, ili upate sentensi moja. Na kuandika mwenyewe ndiyo ilikuwa haiwezekani, kwa sababu kukandamiza herufi zile kulihitaji mitambo.

Kisha akatokea mwanajeshi mstaafu, Charles Barbier, na mfumo wake wa nukta 12 zinazosomeka kwa kugusa. Wazo lilikuwa zuri ila lilikuwa na kasoro mbili. Nukta 12 hazienei chini ya ncha ya kidole, inabidi kidole kipande na kushuka. Pia ziliandika sauti tu, bila tahajia wala alama za uandishi. Kijana Braille akazipunguza hadi sita: safu mbili zilizosimama, kila safu nukta tatu. Kidole kikitua mara moja, herufi nzima imeshasomeka. Nukta sita zinakupa miundo 63, inatosha herufi, tarakimu, alama na hata noti za muziki. Alikuwa amekamilisha sehemu kubwa ya kazi hiyo mwaka 1824, akiwa na miaka 15, na kitabu chake kikatoka mwaka 1829.

Sasa sikieni sehemu isiyosimuliwa. Shule yake yenyewe haikuupokea mfumo huo. Wakubwa waliona nukta zitawatenga wasioona na watu wanaoona, na kuna mkurugenzi aliyeupiga marufuku kabisa. Wanafunzi ndio waliouokoa, wakiendelea kuandikiana na kufundishana kwa siri. Braille alifariki kwa kifua kikuu Januari 1852, na mfumo wake ukakubaliwa rasmi mwaka 1854. Mwaka 1952 taifa lake likahamishia mabaki yake Panthéon, wanakozikwa watu wake wakubwa, ila mikono yake ikabaki kaburini Coupvray.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nani aliyetufikishia nukta nundu, nitamtaja Braille kwanza, kisha nitawataja wale wanafunzi ambao majina yao hatuyajui.

Wa pili ni Wilma Rudolph. Alizaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Tennessee, Marekani, mtoto wa 20 kati ya watoto 22 wa baba yake. Polio ikamshika utotoni, mguu wa kushoto ukadhoofika, akavalishwa vyuma. Hospitali ya karibu iliyokubali kumtibu mtoto mweusi ilikuwa Nashville, karibu kilomita 80 kutoka kwao. Mama yake, aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, alimpeleka huko kwa basi wiki baada ya wiki kwa miaka. Nyumbani, mama na ndugu zake walijifunza kumkanda mguu, wakapokezana mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1960 kwenye Olimpiki ya Roma akachukua dhahabu tatu: mita 100, mita 200, na 4 kwa 100 kupokezana vijiti. Hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amepata tatu za riadha katika Olimpiki moja kabla yake.

Aliporudi, mji wake wa Clarksville ulitaka kumfanyia mapokezi. Akakataa kushiriki hadi weupe na weusi waruhusiwe kukaa pamoja, ikabidi wakubali. Umeushinda mguu, ukawashinda na waliokunyima hospitali. Hapo mimi huwa nasimama kumpigia makofi.

Karibuni.

#3

Uzi mzuri mleta mada. Niongeze Beethoven, yule mtunzi wa muziki, maana wengi wanajua tu kwamba alikuwa kiziwi. Masikio yalianza kumsumbua kabla hajafika miaka 30, na mwaka 1802 aliwaandikia ndugu zake barua ambayo hakuituma, akieleza aibu ya kuwaambia watu wapaze sauti na jinsi alivyofikia kutaka kujiua. Baadaye akawa anatembea na madaftari: mgeni anaandika swali, yeye anajibu kwa mdomo. Ndiyo maana katika madaftari hayo tunasoma maneno mengi ya wageni wake kuliko yake.

Simfonia yake ya tisa ilipopigwa mara ya kwanza Vienna, Mei 1824, alikaa jukwaani akiwa amewapa hadhira mgongo. Makofi yakapigwa hakusikia. Mwimbaji mmoja, Caroline Unger, akamshika akamgeuza ili aone.

#6

Mkuu nakuheshimu lakini sikubaliani na wewe kwa sehemu. Ukisema kila aliyefanikiwa alibebwa na mtu au kifaa, unawapunguzia jasho lao. Watoto milioni ngapi waliugua polio? Waliopata dhahabu ya Olimpiki ni wangapi? Mama alimpeleka hospitali sawa, lakini aliyekimbia ni nani? Na yule mwanafizikia Hawking je? Daktari kamwambia utakufa, yeye kakataa kufa.

#7 (mleta uzi)

Mkuu #6, swali zuri na nitalijibu kwa huyohuyo Hawking.

Stephen Hawking aligunduliwa ugonjwa wa neva za misuli mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaambiwa ana kama miaka miwili. Akaishi hadi 2018, akafariki na miaka 76. Ugonjwa ule huua wengi mapema, na hawafi kwa sababu hawakutaka kuishi. Kwake ulienda polepole kupita kawaida. Tukisema "alikataa kufa", waliokufa kwa ugonjwa huohuo tunawaambia nini? Kwamba walikubali?

Jasho lake lipo na simnyimi. Alipoteza uwezo wa kuandika milinganyo kwa mkono, akajizoeza kufikiri kwa maumbo kichwani, na wanafizikia wenzake wanakiri njia hiyo ilimpa mtazamo wa peke yake. Lakini mwaka 1985 alipatwa na nimonia, wakamtoboa koo ili apumue, sauti ikaisha. Akabaki anainua nyusi mtu anapomwonyesha herufi kwenye kadi. Fikiria profesa wa fizikia anayetaja herufi moja moja kwa nyusi. Kilichomtoa pale ni programu ya kompyuta ya kuchagua maneno, ambayo mwanzoni aliiendesha kwa kubonyeza kitufe mkononi. Mkono ulipokwisha nguvu, wakamfungia kihisio kwenye miwani kilichosoma mtikisiko wa msuli wa shavu. Na kulikuwa na wauguzi saa 24, ambao gharama yao familia peke yake isingeimudu.

Kile kitabu chake kuhusu historia ya wakati kilitoka mwaka 1988, yaani baada ya sauti kupotea. Ondoa kile kifaa, akili inabaki ileile, ila dunia haisikii neno.

Hoja yangu ni hiyo tu. Uwezo na bidii viko kwa watu wengi. Kinachokosekana ni mtu, kifaa au sheria ya kufungua mlango, na hicho ndicho sisi wengine tunaweza kukifanyia kazi.

#10

Nakazia #7. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, niongeze mtu ambaye hakuwa na ulemavu lakini bila yeye nusu ya orodha zetu za wanamichezo isingekuwepo: Ludwig Guttmann. Daktari wa neva, Myahudi, alikimbia Ujerumani mwaka 1939 akaenda Uingereza. Mwaka 1944 akapewa kitengo cha majeruhi wa uti wa mgongo, hospitali ya Stoke Mandeville. Kabla ya hapo aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa ni wa kufa. Na kilichowaua hakikuwa jeraha lenyewe. Vilikuwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo.

Guttmann akaagiza wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Kazi ngumu sana kwa wauguzi, asiyewahi kuifanya hajui. Vidonda vikapona, watu wakaishi. Baada ya hapo akasema wakiishi lazima wawe na la kufanya, akaingiza michezo kama sehemu ya tiba. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London ilipofunguliwa, akawashindanisha wagonjwa 16 kwa mishale kwenye bustani ya hospitali. Mwaka 1960 michezo hiyo ikafanyika Roma na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23. Hiyo ndiyo Paralimpiki ya kwanza.

#11

#10 umenikumbusha Abebe Bikila. Yule Mwethiopia aliyeshinda marathoni ya Roma 1960 pekupeku, akarudia Tokyo 1964 akiwa amevaa viatu. Mwaka 1969 akapata ajali ya gari, miguu ikapooza. Alitibiwa hukohuko Stoke Mandeville, na mwaka 1970 akashiriki michezo yao ya viti vya magurudumu, kwenye mishale. Bingwa wa Olimpiki mara mbili anaanza upya mchezo asioujua, bila kudai aangaliwe kama mfalme. Alifariki 1973 akiwa na miaka 41 tu.

#12

Na Henry Wanyoike wa Kenya msimsahau. Alikuwa mkimbiaji mzuri tu kijana, mwaka 1995 akapata kiharusi usiku, asubuhi haoni. Miaka mitano baadaye yuko Sydney kwenye Paralimpiki, mita 5,000, amefungwa kamba na kiongozi wake. Kiongozi alikuwa ameugua, nguvu zikamwishia kabla ya mstari. Kanuni zinataka wote wawili wafike, kwa hiyo kipofu ndiye akawa anamkokota mwenye macho mpaka wakamaliza. Dhahabu.

#13 (mleta uzi)

#12, tukio hilo nilisimuliwa nikiwa mdogo na sijawahi kulichoka. Kuna jambo wasiokimbia hawalijui: kiongozi haruhusiwi kumvuta mwanamichezo wala kumtangulia kwenye mstari. Kazi yake ni kusema: kona hii, tuta, wapinzani wawili mbele, mita 200 zimebaki. Na ili aweze kuongea huku mwenzake anapigania dhahabu, lazima awe na pumzi ya ziada. Wanafanya mazoezi mpaka mikono inapunga kwa pamoja. Siku hizi kiongozi naye huvishwa medali, na ndivyo inavyostahili.

#16

Naomba niseme jambo kuhusu Helen Keller, maana kila uzi wa aina hii anatajwa na kila mara anaachwa akiwa na miaka sita kwenye bomba la maji.

Ni kweli aliugua akiwa na miezi 19, akabaki haoni wala hasikii. Ni kweli Anne Sullivan alifika kwao Alabama Machi 1887, akawa anamwandikia herufi kiganjani, na siku moja mkono mmoja ukiwa chini ya maji mtoto akashika maana. Wengi hawajui kwamba Sullivan naye alikuwa na macho mabovu tangu utotoni, amekulia kwenye nyumba ya maskini, na alisoma shule ya wasioona. Aliyekuwa na shida kama hiyo ndiye aliyejua pa kugusa.

Lakini Keller aliishi miaka 81 baada ya siku ile! Alipata shahada katika chuo cha Radcliffe mwaka 1904, kiziwi asiyeona wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Akawa msoshalisti. Akatetea haki ya wanawake kupiga kura, akaunga mkono weusi waliodai haki zao, mwaka 1920 akawa miongoni mwa waanzilishi wa umoja wa kutetea uhuru wa raia. Alipochunguza chanzo cha upofu akagundua maskini wanapofuka zaidi, kwa viwanda vya hatari na magonjwa yanayozuilika, akasema hadharani. Magazeti yaliyokuwa yakimwita muujiza yakageuka, yakadai anasema hivyo kwa sababu ulemavu unamzuia kuijua dunia. Mtu akikutia moyo anashangiliwa, akianza kukuhoji anaambiwa haoni.

#17 (mleta uzi)

#16, ahsante sana. Ningejua kuandika hivyo kuhusu Keller ningeanza naye.

Basi nimlete Ed Roberts, ambaye hatajwi inavyostahili. Mmarekani wa California. Polio ilimpata mwaka 1953 akiwa na miaka 14, ikamwachia vidole viwili vya mkono na vichache vya mguu. Usiku alilala ndani ya pipa la chuma linalomsaidia kupumua. Shule ya sekondari ilitaka kumnyima cheti kwa sababu hakufanya masomo ya michezo na ya udereva. Mama yake akapambana hadi kikatoka. Ofisi ya jimbo ya kuwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi ikakataa kumlipia masomo, ikisema ulemavu wake ni mkubwa mno, hataajirika. Wakapambana tena. Mwaka 1962 akaingia Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hakuna bweni lililoweza kubeba lile pipa, akapangiwa chumba katika hospitali ya chuo.

Wakaja wengine wenye hali kama yake, hospitali ikawa kama bweni lao, na wao wakawa kikundi cha kudai njia za viti vya magurudumu, wasaidizi, na haki ya kuamua mambo yao wenyewe. Mwaka 1972 kikazaliwa kituo cha maisha ya kujitegemea kinachoendeshwa na wenye ulemavu wenyewe, na mfano wake ukasambaa nchi nyingi. Mwaka 1975 gavana akamteua Roberts kuwa mkurugenzi wa ileile ofisi iliyosema hataajirika.

Mwenzake katika vita hiyo ni Judith Heumann. Aliomba leseni ya ualimu New York, akanyimwa kwa sababu anatumia kiti cha magurudumu, eti moto ukitokea hatawaokoa wanafunzi. Akashtaki, akapata leseni. Mwaka 1977 aliongoza wenzake kukalia jengo la serikali San Francisco kwa zaidi ya wiki tatu, wakidai kanuni za kuzuia ubaguzi zisainiwe. Humo ndani kulikuwa na watu wasioweza kujigeuza kitandani, wakalala sakafuni, wenzao wakiwageuza. Zikasainiwa. Madaktari, wanasheria na walimu wangapi wa leo wamepita kwenye mlango ule? Hao hawawekwi kwenye orodha kwa sababu si maarufu.

#20

Mimi ni kiziwi, natumia lugha ya alama, nasoma uzi huu kimya kimya tangu mwanzo. Niwaachie Evelyn Glennie wa Uskoti, mpiga ngoma na ala za kugonga. Alipofika miaka 12 usikivu ulikuwa umepotea kwa kiasi kikubwa sana. Mwalimu wake wa ngoma hakumfukuza. Alimwambia aweke viganja ukutani, yeye akapiga ngoma moja, akabadilisha mkazo, akapiga tena, akamuuliza anaisikia wapi. Akawa anatofautisha: noti za juu kwenye vidole na uso, za chini kwenye miguu na kifua. Ndiyo maana hupiga pekupeku.

Alipoomba nafasi kwenye chuo kikuu cha muziki London mara ya kwanza walimkataa, hawakuona mustakabali wa mwanamuziki kiziwi. Akawauliza mnapima uwezo au masikio? Wakamsikiliza upya wakamchukua, na utaratibu wa usaili ukabadilika kwa wote waliofuata.

Mimi si mwanamuziki. Nimewahi kukataliwa usaili kabla hata ya kuulizwa swali, waliposikia nitakuja na mkalimani. Ndiyo maana namkumbuka huyu mama.

#23

Nimesoma yote. Mwanangu ana miaka sita, macho yanapungua na daktari amesema yataendelea kupungua. Naomba kuuliza, hao wakubwa ni wazuri, lakini mimi nianzie wapi?

#24 (mleta uzi)

Pole mwenzangu, na hongera kwa kuuliza mapema.

Anza nukta nundu sasa, macho yakiwa bado yanaona kidogo, usisubiri yaishe. Watu watakwambia siku hizi kuna sauti, nukta za nini. Sauti inamsomea. Nukta zinamfundisha neno linaandikwaje, na hesabu bila nukta ni mateso. Jifunze naye, wewe kwa macho, yeye kwa kidole. Kwa mwendo wa kawaida wa familia herufi zote hazichukui muda mrefu.

Fimbo nyeupe pia asisubiri. Wazazi wengi wanaiogopa kwa sababu ya macho ya majirani, mtoto anakua akining'inia kwenye mkono wa mtu. Tafuta mtu asiyeona anayetembea vizuri amfundishe, au mwalimu wa mwendo.

Kwenye simu, programu ya kusoma skrini imo tayari, iwe TalkBack (simu za Android) au VoiceOver (iPhone), inawashwa kwenye mipangilio. Kwenye kompyuta ya Windows pakua NVDA, ni bure. Ilianzishwa mwaka 2006 na kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, akaungana naye rafiki yake James Teh, naye haoni. Waliona programu zilizokuwepo bei yake inawafungia wengi nje, wakaamua kuandika yao na kuigawa. Ndiyo niliyotumia kuandika uzi huu wote.

Shuleni, kabla muhula haujaanza, omba vitabu vyake kwa nukta au maandishi makubwa, na uombe kwa barua, ubaki na nakala. Wakikujibu hawana, uliza nani anavyo. Nitumie ujumbe faraghani, tutafute pamoja.